PETROLI NA NGUVU YA PIKIPIKI

Maelfu ya watu katika Kenya hupata riziki zao kwa pikipiki, na wengi wao hununua petroli asubuhi kabla hawajanunua unga. Si ajabu basi kwamba mwenye pikipiki humwendea fundi akamwomba mambo mawili kwa pamoja: chombo kitumie petroli kidogo, na tena kipande mlima na mzigo pasipo kuchoka. Mambo hayo hayapatani kabisa, lakini yaweza kusuluhishwa, na mahali pa kwanza pa suluhu hiyo ni kabureta.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Ili petroli yote iungue na hewa yote itumike, ratili moja ya petroli yahitaji ratili 14.7 hivi za hewa. Mchanganyiko utoao nguvu nyingi kuliko wote una petroli zaidi kidogo, yaani ratili 12.5 au 13 za hewa kwa moja ya petroli. Ule utumiao petroli kidogo kwa kazi ile ile una hewa ratili 15.5 au 16. Nafasi iliyopo kati ya nguvu na akiba ni nyembamba, na kupita mpaka upande wowote ni hasara. Petroli ikizidi, hutoka bure katika bomba la moshi, plagi huota masizi, na petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda. Hewa ikizidi, hasara ni kubwa zaidi: injini hushikwa na joto kupita kiasi, valvu ya moshi huungua, na hata pistoni yaweza kutoboka. Kwa hiyo yule atiaye jeti ndogo kupita kiasi ili aokoe shilingi chache kwa siku, huenda akazilipa zote kwa siku moja, tena pamoja na siku za kukaa bila kazi.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikiri ni mwinuko wa nchi. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake, na Eldoret mita 2,100 hivi. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, hata ile ya Nairobi imepungua kwa sehemu 15 hivi katika 100, na ya Eldoret karibu sehemu 20. Pikipiki iliyotengenezwa vema Mombasa, ikipelekwa Eldoret, hupata hewa kidogo kwa petroli nyingi; hutoa moshi mweusi na kula mafuta. Hapo jeti ndogo zaidi ni dawa ya haki. Lakini fundi hawezi kuirudisha nguvu yote iliyopotea, kwa maana hewa yenyewe haipo. Na pikipiki iliyowekewa jeti ya Eldoret ikiteremshwa pwani, sharti irudishiwe jeti kubwa kabla haijaungua.

Kabureta haifanyi kazi kwa njia moja wakati wote. Mkono wa mafuta ukifunguliwa kidogo, mpaka robo hivi, jeti ndogo ndiyo itawalayo. Toka robo mpaka robo tatu, ni sindano. Zaidi ya hapo ni jeti kubwa. Dereva wa mjini, asimamaye na kuondoka mara mia kwa siku, hutumia zaidi njia mbili za kwanza. Hapo ndipo atakapopata akiba yake, wala si katika jeti kubwa ambayo mafundi wengi huikimbilia. Sindano yenye kipini cha kuhamishwa ikiinuliwa, petroli huongezeka, ikishushwa, hupungua. Skrubu ndogo ya pembeni nayo yataka uangalifu: ikiwa iko upande wa kichujio, kwa kawaida hutawala hewa, na kuikaza huzidisha petroli, ikiwa iko upande wa injini, kuikaza huipunguza. Wengi wameharibu kazi kwa kutojua tofauti hiyo.

Shahidi wa kweli ni plagi. Baada ya mwendo mrefu kidogo, ikifunguliwa na kuonekana ya rangi ya kahawia hafifu, mambo ni mazuri. Nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha petroli nyingi, au kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Nyeupe kama chokaa ni onyo la joto. Kuondoa kichujio ili injini ipate hewa nyingi ni upumbavu katika nchi ya barabara za vumbi, kwa kuwa vumbi hilo husaga silinda na pete za pistoni.

Mahali pengine pa kupatana ni sproketi. Ile ya nyuma ikiwa na meno 42 na ya mbele 14, injini huzungusha sproketi ya mbele mara 3 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Mbele ikitiwa ya meno 15, mizunguko hiyo huwa 2.8. Katika tambarare injini hutulia na petroli huokoka. Katika milima ya Murang'a yenye abiria na gunia, dereva atashusha gia kila kona na akiba yote itapotea. Tena mwendo wenyewe una bei yake, kwa maana upinzani wa upepo kwa kilomita 80 kwa saa ni mara nne ya ule wa kilomita 40.

Atakaye kujua kama matengenezo yamefaa asitegemee masikio. Na aijaze tangi mpaka shingoni, aende safari zake za kawaida, kisha aijaze tena mpaka pale pale. Akiwa amekwenda kilomita 130 na tangi ikapokea lita 2.6, amepata kilomita 50 kwa lita moja. Abadilishe kitu kimoja tu, apime tena kwa njia ile ile, na upepo wa magurudumu uwe ule ule siku zote mbili.