KILO SI LITA: SOMO LA VIPIMO VYA JIKONI

Wako watu wengi wadhaniao kwamba kilo na lita ni kitu kimoja. Dhana hii yatokana na maji. Mwaka 1795, Wafaransa walipoweka vipimo vyao vipya, waliyafanya maji kuwa msingi wa uzito. Ndiyo sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lakini unga si maji, wala mchele si maji.

Wazee wa pwani waliijua tofauti hii. Walikuwa na vipimo vya kujaza: kibaba, kisaga, yaani vibaba 2, na pishi, yaani vibaba 4. Tena walikuwa na vipimo vya uzito: wakia, ratili na frasila, ambayo ni kama kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa pishi, na pembe za ndovu kwa frasila. Nao walitaja kama kibaba ni cha mfuto, yaani kimesawazishwa mdomoni, au cha tele, yaani kimerundikwa.

Huku kwetu Nyakabuye jambo hili latuhusu kila siku. Mchele wa bonde la Bugarama na maharage ya milimani hupimwa sokoni kwa kopo liitwalo mironko, lakini dukani hupimwa kwa mizani. Basi yafaa tujue kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine.

Lita moja ya mfuto ina uzito wa karibu hivi:

Asali: gramu 1,400
Chumvi laini: gramu 1,200
Maji: gramu 1,000
Mafuta ya kula: gramu 920
Mchele: gramu 850
Sukari: gramu 850
Maharage makavu: gramu 800
Unga wa mahindi: gramu 600

Unga ni mwepesi kwa sababu katikati ya chembe zake mna hewa nyingi. Ukiutikisa au kuushindilia, kopo lile lile litachukua unga zaidi. Kwa hiyo usishindilie. Jaza taratibu, kisha sawazisha kwa ubao.

Kanuni ni hii: ukitaka uzito, zidisha lita kwa uzito wa lita moja, ukitaka lita, gawanya uzito kwa uzito wa lita moja.

Kopo lako pia waweza kulipima. Lipime likiwa tupu. Tuseme gramu 100. Lijaze maji, upime tena. Tuseme gramu 1,100. Maji ni gramu 1,000, basi kopo ni la lita moja. Likaushe, ulijaze mchele. Tuseme gramu 950. Toa 100, na mchele ni gramu 850. Andika hesabu hiyo ukutani jikoni.

Sasa tazama hasara ya kutojua. Mpishi anataka kuwapikia ugali watu 60, kila mmoja gramu 150 za unga wa mahindi. Jumla ni kilo 9. Akidhani lita ni kilo, atachota makopo 9 ya lita moja. Lakini makopo 9 ni gramu 5,400 tu, nazo zawatosha watu 36. Watu 24 watakosa sehemu yao, na lawama itamwangukia mwenye kugawa, au ataitwa mwizi, kumbe kosa ni la hesabu. Alipaswa kuchota makopo 15.

Jaribuni hesabu hizi:

1. Debe la lita 18 limejaa unga wa mahindi. Ni kilo ngapi?

2. Sokoni kopo la lita 2 la mchele, la mfuto, ni faranga 2,000. Dukani kilo moja ni faranga 1,300. Wapi ni nafuu?

Majibu: (1) Kilo 10 na gramu 800. (2) Sokoni, kopo lina kilo 1 na gramu 700, ambazo dukani ni faranga 2,210.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kabla ya kununua, uliza kwanza kibaba hicho ni cha kitu gani, na ni cha mfuto au cha tele.