Harufu Tamu, Moto Mkali: Somo juu ya Thina Mashuani na Majumbani

Ndugu wasomaji wa kisiwa cha Chisenga, wa Nchelenge, na wa ng'ambo zote mbili za Ziwa Mweru, somo letu la leo lahusu kimiminika ambacho wengi wetu tumekinusa, lakini wachache wamefundishwa tabia yake. Hakina rangi, huonekana kama maji safi, na hunukia matunda mabivu. Fundi hukitumia kulainisha rangi, mshona viatu hukikuta ndani ya gundi yake, na msusi hukitumia kuondoa rangi ya kucha. Jina lake la kitaalamu ni ethili asetati. Madukani mara nyingi huuzwa kikiwa kimechanganywa na vimiminika vingine vya namna yake, nasi twauita mchanganyiko huo thina.

Hatusemi kwamba thina ni haramu, wala hatutaki kumnyima fundi riziki yake. Twasema kwamba utamu wa harufu yake umewafanya watu waione kuwa rafiki, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Pua si kipimo

Mafuta ya taa hayatoi mvuke mwingi wa kuwaka mpaka yapate joto. Ethili asetati si hivyo. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 4 chini ya sifuri, yaani baridi ya kugandisha maji. Katika joto la kando ya ziwa letu, kila chupa iliyo wazi inatoa mvuke huo saa zote.

Mvuke ukifika sehemu 2 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja yatosha kuulipua. Lita moja ikimwagika na kukauka yote, mvuke wake waweza kufikisha kiwango hicho katika chumba chenye urefu wa mita mbili na nusu, upana wa mita mbili, na kimo cha mita mbili na nusu. Hicho ni chumba cha kulala cha nyumba nyingi za kwetu. Na pua huzoea: aliyekaa ndani kwa muda huacha kuisikia harufu, ilhali mvuke ungalipo, tena umeongezeka.

Mvuke hutambaa chini

Mvuke huu ni mzito kuliko hewa mara tatu. Haupandi kama moshi, bali hushuka, hutambaa sakafuni, na kujikusanya mahali palipo chini. Katika mashua, mahali hapo ni tumboni mwake, chini ya mbao wanapoweka miguu abiria. Dumu likivuja kwenye tezi, anayewasha sigara kwenye omo aweza kuuita moto uje alipo. Nyumbani, jiko la mkaa lililo chumba cha pili si mbali vya kutosha.

Ndugu zetu wa Kongo hawajasahau yaliyotokea Sange, Kivu Kusini, usiku wa tarehe 2 Julai 2010. Lori la petroli lilipinduka, mafuta yakatiririka, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo waliokwenda kuchota mafuta, lakini pia watu waliokuwa wamekaa wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Petroli na thina si kitu kimoja, lakini sheria ya mvuke wao ni moja: moto huweza kumfuata hata yule ambaye hakugusa kitu.

Tufanye nini

Mashuani, mwenye mzigo amwambie nahodha kabla ya kupakia. Dumu lifungwe barabara, lisimamishwe wima penye upepo, mbali na injini na tangi la petroli, wala asivute mtu sigara safarini. Likivuja, injini izimwe, na asiwashe mtu kiberiti ili kutazama.

Nyumbani, kazi ya thina ifanyiwe nje, kukiwa na mwanga wa mchana. Kibatari, mshumaa na jiko viwe mbali. Matambara yaliyolowa yasirundikwe ndani.

Tena twasihi kwa nguvu zote: thina isitiwe katika chupa ya soda wala ya maji. Mtoto huona maji, hunusa matunda, naye hunywa. Vijana nao waelezwe wazi kwamba kuvuta mvuke wa gundi huleta kizunguzungu na usingizi mzito, na huweza kuua.

Ajali ikitokea

Aliyekunywa asitapishwe, kwa maana kimiminika chaweza kuingia mapafuni. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali upesi, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione. Aliyevuta mvuke atolewe penye hewa safi. Macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Moto wa thina usimwagiwe maji, kwa sababu thina ni nyepesi kuliko maji: huelea juu yake ikiwaka, na moto husambaa. Moto mdogo ufukiwe kwa mchanga mkavu au uzimwe kwa kizimamoto cha unga. Moto ukiwa mkubwa, okoeni watu, acheni mali. Aliyeungua, jeraha lake lipozwe kwa maji safi kwa dakika 20, wala lisipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Alama isiyohitaji lugha

Katika ziwa hili twazungumza Kibemba, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo mizigo ya namna hii huwekwa alama ambayo kila mtu huielewa: umbo la almasi jekundu lenye mwali wa moto, na namba 3 chini yake. Pakiti ya ethili asetati yenyewe huandikwa UN 1173. Anayeibandua alama hiyo, au anayehamishia thina katika dumu lisilo na maandishi, amemnyima onyo nahodha, mpakuzi, askari wa forodha na mtoto wa mnunuzi. Ukiona dumu la namna hiyo bandarini, usilifungue kunusa. Wasogeze watu, kisha utoe habari kwa kituo cha polisi kilicho karibu au kwa mzee wa kijiji.

Kwa mazungumzo ya kijiji

1. Katika mashua zetu, ni mahali gani mvuke waweza kujikusanya bila kuonekana?
2. Ni nani kijijini hutunza thina, na huitunza katika chombo gani?
3. Mchanga wa kuzimia moto umewekwa wapi bandarini kwetu?

Waliotutangulia walisema, tahadhari kabla ya hatari. Swali la tatu likikosa jibu leo, basi na tuujaze mchanga huo kesho asubuhi, kabla mashua ya kwanza haijapakiwa.