Wigo Mpana wa Mwanga: Somo la Uundaji wa Istilahi kutoka kwa Upigaji Picha

Utangulizi

Lugha haipimwi kwa wingi wa maneno yaliyomo kamusini pekee, bali pia kwa wepesi wake wa kueleza kazi ambazo wazungumzaji wake huzifanya kila siku. Mojawapo ya kazi hizo ni upigaji picha. Siku hizi ni nadra kumpata mwanafunzi wa chuo kikuu asiyekuwa na kamera, maadamu simu iliyo mfukoni mwake ni kamera pia. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo akitakiwa aeleze kwa Kiswahili jinsi picha yake ilivyopatikana, aghalabu hukwama baada ya sentensi ya pili na kukimbilia Kiingereza.

Makala hii inachunguza sehemu moja ya taaluma hiyo, nayo ni mbinu ya kuunganisha picha kadhaa za mandhari moja ili kupata picha moja inayoonyesha sehemu za mwanga mkali na sehemu za giza kwa pamoja. Wapigaji picha wa kujifurahisha wameipenda sana mbinu hii. Tunanuia kutimiza mambo mawili. Kwanza, tutaeleza zana na utaratibu wa mbinu yenyewe. Pili, tutajaribu kudhihirisha kwamba istilahi faafu haizaliwi na jina la Kiingereza la kitu, bali huzaliwa na ufahamu wa kazi ya kitu hicho.

Msamiati tulio nao

Ni kosa kudhani kwamba Kiswahili kinaanza safari hii mikono mitupu. Neno picha lilikopwa zamani na likapewa kitenzi cha Kiswahili, tukapata kupiga picha, sawa na kupiga pasi, kupiga simu na kupiga chapa. Mafundi wa studio nao walisafisha filamu, au wakaziosha, na wateja wao wakaelewa bila kufafanuliwa. Lenzi, filamu na fleshi ni maneno ya mkopo yaliyokwisha kuzoea sauti za Kiswahili. Maneno haya yalienea kwa sababu waliyoyatumia walikuwa wakiifanya kazi yenyewe. Funzo hili tulishike, kwani tutalirejelea.

Zana za mpiga picha

Kamera ina viungo vitatu vinavyotawala mwanga. Cha kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kusinyaa mithili ya mboni ya jicho. Cha pili ni pazia. Kamera nyingi zenye lenzi za kubadilishwa huwa na mapazia mawili mbele ya kihisi. La kwanza hufunguka, la pili hulifuata na kufunga. Muda ulio baina ya matendo hayo mawili huweza kuwa sekunde 30, au ukawa 1/4000 ya sekunde. Cha tatu ni kihisi chenyewe, kilichochukua nafasi ya filamu. Wepesi wake wa kuitikia mwanga huonyeshwa kwa vipimo vya ISO, kama vile 100, 200 na 400.

Kiasi cha mwanga kinachokifikia kihisi tutakiita upokezi wa mwanga. Wapo watakaopendelea mfichuo, kwa kufuata neno la Kiingereza. Lakini kufichua kwa Kiswahili ni kuweka wazi jambo lililofichwa, hasa siri au uovu. Kihisi hakifichuliwi, kinapokea. Upokezi ukiongezeka maradufu, au ukipungua kwa nusu, tunasema umebadilika kwa hatua moja. Kwa hivyo, kutoka 1/60 ya sekunde hadi 1/30 ni hatua moja, na hadi 1/15 ni hatua mbili.

Kwa miaka mingi kamera za kidijitali zenye lenzi za kubadilishwa zilikuwa mali ya wataalamu kutokana na bei yake. Mwaka 2003 kampuni ya Canon ilitoa kamera aina ya EOS 300D kwa bei iliyopungua dola 1,000 za Marekani, na Nikon ikafuata na D70 mwaka 2004. Tangu hapo uwanja ukawapanukia wapendao kazi hii bila ya kuitegemea kwa riziki. Mbali na kamera, mbinu tunayoieleza inahitaji stendi imara ya miguu mitatu, kadi ya kumbukumbu na kompyuta yenye programu ya kuunganisha picha. Anayezidi kuhangaikia ukubwa wa lenzi kabla ya kujua matumizi ya stendi na akumbuke kwamba mchagua jembe si mkulima.

Wigo wa mwanga

Tuchukue mfano wa nyumba ya mawe katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kuta zake ni nene, na vyumba vya ndani hupata mwanga kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Mpiga picha anasimama chumbani akitaka kuonyesha zidaka zilizo ukutani pamoja na ua unaoonekana mlangoni. Jua la adhuhuri huweza kutoa mwanga wa laksi zipatazo 100,000, ilhali chumba cha ndani huenda kikapata laksi 100 tu. Uwiano wa mwanga huo ni 1,000 kwa 1. Isitoshe, lipu nyeupe huweza kurudisha mwanga takriban mara 20 kuliko kitambaa cheusi. Tukizidisha, tofauti baina ya lipu iliyoko juani na buibui lililotundikwa chumbani yafikia 20,000 kwa 1, ambayo ni zaidi ya hatua 14.

Vihisi vya kamera nyingi huweza kushika hatua kati ya 10 na 14 hivi. Basi mpiga picha akipimia mwanga wa ua, chumba chote huwa giza totoro. Akipimia chumba, ua hugeuka weupe mtupu. Jicho la binadamu halitatiziki vivyo, kwa sababu mboni hujirekebisha kila tunapohamisha mtazamo, na ubongo huunganisha yale tuliyoyaona.

Tofauti hii baina ya giza na mwanga ambayo chombo huweza kuishika ndiyo tunayopendekeza iitwe wigo wa mwanga. Wigo ni ua wa miti au fito, na kwa upanuzi wa maana ni mipaka ya jambo. Kilichomo wigoni hushikika. Kilichozidi humwagika nje. Neno masafa, ambalo wengine wangelitumia, tayari lina kazi katika fizikia na utangazaji. Msomaji akiambiwa masafa ya mwanga atafikiria mawimbi.

Historia kwa ufupi

Tatizo hili ni la kale kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari ambapo anga ilidai upokezi mdogo na maji yakadai mkubwa. Alitumia hasi mbili, moja ya anga na nyingine ya bahari, akazichapa juu ya karatasi moja. Picha yake ya wimbi kubwa katika mji wa Sète, ya mwaka 1857, ni mfano mashuhuri.

Karibu mwaka 1940, Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer walibuni mfumo wa kanda, uliogawanya mwanga kuanzia weusi kamili hadi weupe kamili ili mpiga picha aamue mapema kila sehemu ya mandhari itakaa katika ukanda upi. Adams alikuwa pia mpiga kinanda, na alizoea kuilinganisha hasi na nota zilizoandikwa, na picha iliyochapwa na uimbaji wake. Wanafunzi wa fasihi simulizi watalielewa jambo hili bila taabu: utenzi ulio kwenye muswada ni mmoja, lakini kila mghani huupa uhai wake.

Baadaye Charles Wyckoff aliunda filamu yenye matabaka ya wepesi tofauti, iliyotumiwa kupiga picha za milipuko ya nyuklia. Katika enzi ya kompyuta, Steve Mann na Rosalind Picard walichapisha mwaka 1995 njia ya kuunganisha picha za upokezi tofauti. Paul Debevec na Jitendra Malik wakaiendeleza mwaka 1997. Mwaka 2005 programu ya Photoshop CS2 iliwafikishia umma mbinu hii, na mwaka 2010 simu ya iPhone 4 ikaanza kuitekeleza yenyewe.

Utaratibu wa kazi

Kamera huwekwa juu ya stendi na kuelekezwa. Tundu la lenzi huachwa palepale, tuseme f/8, kwa sababu likibadilika, kina cha sehemu zinazoonekana wazi hubadilika pia. Kipimo cha ISO hubakia 100. Kinachobadilishwa ni kasi ya pazia pekee. Kwa mandhari yetu ya Lamu, picha ya kwanza yaweza kupigwa kwa 1/250 ya sekunde, ya pili kwa 1/60 na ya tatu kwa 1/15, kila moja ikitofautiana na mwenzake kwa hatua mbili. Iwapo ua bado umemwagika au pembe za chumba bado ni giza, mfululizo huongezwa picha nyingine. Huu ndio mfululizo wa upokezi.

Inafaa picha zihifadhiwe katika faili ghafi. Faili ya JPEG ina viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi, ilhali faili ghafi ya biti 14 ina viwango 16,384. Neno ghafi halikubuniwa hapa. Liko katika malighafi, na linaeleza barabara data ambayo haijapitia mikono ya mpishi.

Kompyuta huchukua kutoka kila picha sehemu zilizopokea mwanga vizuri na kuziunganisha. Hapo tatizo la pili hujitokeza. Kilichounganishwa kina wigo mpana kuliko ule wa skrini za kawaida, na karatasi ya picha huonyesha uwiano usiozidi mamia machache kwa 1. Hivyo programu hulazimika kuupunguza upana huo bila kuvunja mahusiano ya sehemu na sehemu: kilichokuwa angavu kibaki angavu kuliko jirani yake. Kazi hii tunaiita uwianishaji wa mwanga, maana kinachohifadhiwa ni uwiano, si vipimo vyenyewe.

Uwianishaji hauna kanuni moja iliyo sahihi daima, ni uamuzi. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha za rangi Marekani Kaskazini zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za majaribio zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizofahamika kama kadi za Shirley. Matokeo yake ni kwamba nyuso nyeusi zilipoteza sura yake pichani, hasa zilipokuwa pamoja na nyuso nyeupe. Hata leo, bibi harusi mweusi aliyevaa shela jeupe juani huweza kutoka uso wa giza, kwa sababu kipimo cha kamera kimehadaiwa na weupe wa nguo. Chombo huja na mazoea ya waliokiunda, na mtumiaji asipoyajua, humtawala.

Zipo kasoro nyingine. Kitu kikisogea kati ya picha moja na nyingine, kama vile tawi au mpita njia, huonekana mara mbili mithili ya kivuli. Uwianishaji ukizidi, utando mweupe huzunguka kingo za majengo na rangi hukolea kupita kiasi. Hatimaye vivuli vyote hufutwa, na pasipo kivuli umbo hupotea. Zidaka za Lamu huonekana kwa sababu ya kivuli kilichomo ndani yake.

Uteuzi wa istilahi

Hebu sasa tuone kingetokea nini kama tungetafsiri majina ya Kiingereza neno kwa neno. Mfululizo wa upokezi ungeitwa upigaji wa mabano, ilhali mabano kwetu ni alama za uandishi. Uwianishaji ungeitwa uchoraji wa ramani ya toni, na mwanaisimu angedhani tunazungumzia lugha za toni. Kasoro ya kitu kuonekana mara mbili ingeitwa mizimu, hali Kiswahili kina neno maruerue, linalotaja hasa hali ya macho kuona yasiyokuwapo. Tafsiri za aina hii ni sahihi kikamusi na batili kimaana.

Kutokana na mifano hii tunapata hatua tatu za kufuata. Kwanza, tuifahamu kazi ya kitu. Pili, tutafute iwapo watendaji wa kazi hiyo wana neno, kama mafundi wa studio walivyokuwa nalo. Tatu, tuhakikishe kwamba neno teule halijatwaliwa na taaluma nyingine ya karibu. Kukopa si aibu. Pikseli, lenzi na programu zimekaa vyema. Aibu ni kukopa mawazo yasiyoeleweka na kuyavika maneno ya Kiswahili.

Hitimisho

Tumeona kwamba wigo wa mwanga, upokezi, mfululizo, faili ghafi, uwianishaji na maruerue vinatosha kueleza mbinu hii mwanzo hadi mwisho. Hatudai kwamba istilahi hizi ndizo za mwisho. Zijadiliwe, na palipo na bora, bora lishike nafasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini katiba haiwezi kumfundishia mtu kamera. Hiyo ni kazi yetu sisi tunaokisoma. Wenzetu wa chama na wachukue daftari, waende studioni, harusini na katika maabara za kompyuta, wakayasikilize maneno yanayotumika huko kabla ya kuketi kuunda mengine. Kuelekeza si kufuma, na istilahi isiyotumiwa na mtenda kazi ni mshale uliopita kando.