Bustani ya Mteremkoni: Mboga na Matunda Nyumbani Mgeta

Anayeanza bustani Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, huanza kwa kuulizia mbegu: kabichi ipi, karoti ipi, zinauzwa duka gani. Mimi ningemshauri asubiri mvua kubwa moja, atoke nje ikiwa bado inanyesha, aangalie maji yanavyopita kwenye kiwanja chake. Yanaingilia wapi, yanakusanyika wapi, yanatoka na rangi gani? Yakitoka mekundu, ajue bustani yake ndiyo hiyo inashuka kwenda mto Mgeta, na kutoka huko mto Ruvu. Hakuna mbegu inayoweza kufidia udongo uliokwenda.

Watu wa huku wanalijua hilo kwa uchungu. Februari 1970 mvua ya milimita 100 hivi ilinyesha kwa muda usiofika saa tatu, na milima ya Mgeta ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti waliokuja kupima makovu yale walikuta karibu yote yalianzia mashambani na kwenye malisho. Kwenye msitu yalikuwa machache mno, kwa sababu huko mizizi ilikuwa imeshika ardhi. Ndiyo maana hata kibustani cha nyuma ya jiko kinahitaji makinga maji na miti kabla ya mche wa kwanza wa mboga.

Kupata usawa wa makinga maji hakuhitaji fundi. Tafuta fito mbili za mita 2, zifunge pamoja juu na kuzitanua chini, kisha funga ufito mfupi katikati ili upate umbo la herufi A. Kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha kipimo chako, tia alama pale uzi unapougusa ufito wa katikati, halafu kigeuze ili miguu ibadilishane nafasi palepale, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa kata mteremko nacho, mguu mmoja ukiutangulia mwingine, uzi ukikaa kwenye ile alama ya katikati, na kila mguu unapotua chomeka kijiti. Mstari utakaopata utapinda kufuata mlima, usiunyooshe.

Kwenye mstari huo chimba mfereji mfupi wa kina cha jembe moja na nusu, udongo uutupe upande wa juu, na juu ya tuta panda matete au majani ya gwatemala. Yatashika tuta, na mbuzi watapata chakula. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali, ndivyo mistari inavyosogeleana.

Ukiamua kuchonga matuta ya ngazi kabisa, kuna jambo moja la kutokosea: udongo wa juu, ule mweusi, uondoe kwanza na uuweke kando. Chonga ngazi, kisha urudishe udongo ule juu. Mradi wa kikoloni wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ulioanza mwaka 1950, uliwalazimisha watu kuchimba ngazi, na sehemu nyingi udongo tasa wa chini ukaja juu. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuonekana, watu wakagoma, na mwaka 1955 mradi ukaanguka. Waliokataa walikuwa na sababu, maana walikuwa na ngazi zao wenyewe: majani na mabaki ya mavuno yanalazwa kwa kukata mteremko, yanafunikwa kwa udongo unaovutwa kutoka juu yake, na msimu ujao palipooza majani panapandwa. Kwa bustani ya nyumbani njia hiyo ya wazee bado naiona bora kuliko zote, kwani inashika udongo na kuulisha kwa kazi moja.

Tukija kwenye mbolea, Mgeta ina bahati ya mbuzi. Tangu miaka ya 1980, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe wamefugwa huku kwenye mabanda yaliyoinuliwa, na samadi inadondoka chini ya sakafu ya mbao, tayari kukusanywa. Usiipeleke moja kwa moja kwenye tuta. Ichanganye na majani mabichi na makavu, nyunyizia maji, funika kwa majani ya mgomba, na uigeuze kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi miwili hadi mitatu ishike mkononi: iliyoiva haina joto, inanukia kama udongo wa msituni, na kinyesi hakitambuliki tena. Yenye joto au harufu kali iache iendelee kuiva. Karoti ndizo zinazoadhibu haraka, kwa sababu kwenye samadi mbichi mzizi hugawanyika na kutoka na miguu miwili au mitatu. Karoti ziwekwe palipotiwa samadi msimu uliopita kwa ajili ya kabichi.

Kabichi, karoti, liki na matunda ya baridi yaliletwa na wamisionari Wakatoliki waliojenga huku mwanzoni mwa karne ya 20, na yakakubali kwa sababu ya mwinuko. Vijiji vya Mgeta vinaanzia kama mita 1,000 na kukaribia 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua upande nini. Huko juu, Nyandira na Tchenzema, panda kabichi, karoti, njegere, liki na viazi mviringo. Ukishuka kwenye joto zaidi, nyanya, pilipili hoho, mapapai na ndizi ndizo zitakazokulipa. Nyanya huko juu inawezekana, ila ukungu wa asubuhi utakuletea bakajani kila wiki. Anayetaka nyanya za kula nyumbani apande miche michache chini ya upenu wa nyumba unaopata jua la asubuhi, aifunge kwenye vijiti, na aondoe majani yote yanayogusa udongo.

Msimu nao una lake. Masika, Machi hadi Mei, ni wakati wa kulinda udongo na kuandaa kitalu kuliko kujaza bustani. Mboga nzuri zaidi hutoka kwenye kipupwe, Juni hadi Agosti, magonjwa ya ukungu yakiwa yamepungua na maji yakiletwa kwa mfereji au kwa mpira kutoka kijito cha juu. Kwa hiyo kabichi ya kwanza iwe imeshasiwa kitaluni kabla ya katikati ya Mei.

Kitalu kiwe na upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na kiinuke sentimita 15. Chora mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, dondosha mbegu moja moja kwa kina cha sentimita 1, funika kwa nyasi kavu. Siku ya tano au ya sita anza kuchungulia asubuhi na jioni. Mara tu miche inapotokeza, ondoa nyasi zote, uijengee kichanja chepesi cha kivuli. Nyasi zikikaa siku mbili zaidi, miche inarefuka, inapauka, na kinyausi kinaikata shingoni. Inapofikisha majani manne au matano, baada ya wiki nne hadi sita, ihamishe jioni kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45. Wiki moja kabla ya hapo punguza maji na uondoe kivuli taratibu ili miche ikomae.

Bustani ya nyumbani isiige shamba la soko. Mkulima anayepakia gari la Morogoro mjini au Kariakoo anahitaji kabichi 500 zinazoiva siku moja. Wewe unahitaji tano kila wiki, kwa hiyo sia kidogo kila baada ya wiki tatu. Na usisahau mboga za kuchuma majani: figiri, mnavu, mchicha, sukuma wiki, majani ya maboga. Hizi zinakulisha ukisubiri kabichi ifunge. Sukuma wiki chuma majani ya chini, uache sita hivi juu, na mmea utakulisha miezi mingi.

Nyanya, viazi mviringo, pilipili na bilinganya ni ukoo mmoja na wanarithishana magonjwa, hivyo mmoja asimfuate mwenzake kwenye tuta lilelile. Baada ya viazi weka njegere au maharage, kisha kabichi, kisha karoti.

Kuhusu wadudu, kazi kubwa ni macho. Geuza jani la kabichi asubuhi. Ukiona kiwavi mdogo wa kijani ambaye ukimgusa anajinyonganyonga kurudi nyuma na kujiangusha akining'inia kwenye uzi mwembamba, huyo ni wa nondo mgongo-almasi. Kwa miche thelathini ya nyumbani unaweza kumminya kwa vidole, na inatosha. Sota, anayekata mche usiku karibu na udongo, mtafute asubuhi kwa kufukua kidogo pembeni mwa mche ulioanguka, hajifichi mbali.

Wakizidi, milimani kuna utupa. Twanga majani yake, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike kwenye jani, nyunyiza jioni. Lakini utupa ndio uleule wanaotumia watu kulewesha samaki. Ndoo na bomba visioshewe kijitoni, kwani chini yako wapo wanaokunywa maji hayo. Dawa ya dukani isomwe kibandiko, na siku za kusubiri kabla ya kuchuma ziheshimiwe hata kama mgeni amefika na sufuria iko jikoni.

Kabla ya kupanda mti wa matunda, uliza ardhi ni ya nani. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mengi husemwa na mjomba. Mboga za msimu mmoja hazimtishi mtu, lakini mti unaoishi miaka thelathini unasomwa kama dai la umiliki, na kama umeazimwa kiwanja, mti wako unaweza kuleta ugomvi wa vizazi. Kaeni mwongee mapema, mbele ya wazee.

Miti iwe kwenye makinga maji na upande wa chini wa bustani, isije ikazinyima mboga jua. Huko juu kwenye baridi weka plamsi, mapichesi na peasi. Kwingine kote, parachichi. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uuweke kushoto na wa chini kulia. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyoiva, urudishe kwanza. Nunua mche uliobebeshwa, na kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo kwa kiganja kizima, maana kikifukiwa kinaoza. Parachichi haivumilii maji yaliyotuama kwenye mizizi, kwa hiyo usiipande ndani ya mfereji wa kinga maji. Ikae kando ya tuta.

Mapichesi yanataka panga kila mwaka, na wengi wanayaonea huruma. Pichesi huzaa kwenye matawi yaliyoota mwaka uliopita tu. Usipokata, matawi mapya yanaota mbali juu, matunda yanayafuata, na chini kunabaki matawi matupu. Baada ya mavuno ondoa matawi makavu na yanayosuguana, fungua katikati jua liingie, punguza yaliyobaki. Matunda yakifikia ukubwa wa gololi, yapunguze pia kwa mkono: acha moja kila upana wa kiganja, mengine yaanguke. Yale yaliyoanguka yakusanye uyafukie, yasije yakalea funza wa nzi wa matunda.