Mali Bila Daftari: Methali za Kiswahili na Maadili ya Biashara Inayotunza Mazingira

Utangulizi

Sokoni, mnunuzi wa mahindi huitazama gorogoro kabla ya kuyatazama mahindi yenyewe. Anajua kwamba mkebe uliobonyezwa kitako utampunja hata kama nafaka ni safi na muuzaji ni mcheshi. Tabia hii ndogo ya sokoni imebeba swali kubwa ambalo siku hizi huulizwa katika mikutano ya kimataifa: biashara yenye maadili hutambuliwa kwa lipi? Je, ni kwa misaada inayotoa, kwa sifa inazojipa, au kwa kipimo inachokitumia?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuzichunguza methali tatu za Kiswahili na kuzihusisha na mifano miwili ya pwani ya Kenya. Mfano wa kwanza ni kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Wa pili ni mradi wa mikoko wa Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Hoja inayotetewa ni kwamba maadili ya biashara hayamo katika kile inachokitoa baada ya kupata faida, bali katika namna inavyoihesabu faida yenyewe. Jambo la kuchunguzwa ni hasara zipi biashara hukubali kuziandika katika daftari lake, na zipi huwaachia wengine wazibebe.

Faida, manufaa na daftari

Waswahili wamekuwa wafanyabiashara kwa karne nyingi, na lugha yao imehifadhi msamiati mpana wa shughuli hiyo: faida, hasara, amana, mizani, daftari. Baadhi ya maneno haya yamebeba hukumu ya kimaadili. Kitenzi 'kupunja', kwa mfano, hakielezi tu tendo la kutoa kidogo, bali kutoa pungufu ya haki ya mtu. Vilevile, ingawa 'faida' na 'manufaa' hutumiwa mara nyingi kwa maana moja, dukani maneno haya huachana. Faida ni ziada inayombakia mwenye duka baada ya kuondoa gharama zake, ilhali manufaa ni mema yanayowafikia watu. Duka laweza kuwa na faida tele na lisiwe na manufaa yoyote kwa majirani.

Methali isemayo 'Mali bila daftari hupotea bila habari' kwa kawaida hufunzwa kama wosia wa kuweka hesabu. Maana hiyo ni sahihi, lakini methali yenyewe inasema zaidi ya hapo. Haisemi kuwa kisichoandikwa hakipotei. Inasema kuwa kinapotea bila habari. Hasara ipo, isipokuwa tu haina wa kuitangaza. Mwenye kiwanda huandika mishahara, mafuta na kodi. Moshi unaoingia katika mapafu ya jirani hauandikwi, wala maji machafu yanayoteremka mtoni. Mwisho wa mwaka, daftari huonyesha faida ambayo kwa hakika ni deni ambalo limelipwa na mtu mwingine.

Wapo wanaopinga mtazamo huu. Mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida yake. Kwa maoni yake, mkurugenzi anayetumia fedha za wenye hisa kutatua matatizo ya jamii anatumia mali isiyo yake. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Hata hivyo, Friedman mwenyewe aliiwekea mpaka: biashara sharti ifuate kanuni na ijiepushe na ulaghai. Hapa ndipo methali inapomjibu. Anayemwachia jirani hasara bila ya kumwambia wala kumlipa hajaongeza faida. Amebonyeza kitako cha gorogoro. Tena, nchini Kenya kanuni zenyewe ziko wazi. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 69 inamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na wengine katika kuyalinda. Kwa mujibu wa Ibara ya 260, 'mtu' ni pamoja na kampuni.

Owino Uhuru: hasara iliyoandikwa mwilini

Kuchakata betri kuukuu za magari ni kazi ambayo, ikitajwa tu, husikika kuwa ya kutunza mazingira. Betri ambayo ingetupwa jaani huvunjwa, madini ya risasi yaliyomo yakayeyushwa na kutumiwa upya. Ikiwa biashara ingehukumiwa kwa jina la kazi yake, basi kiwanda cha Owino Uhuru kingestahili pongezi.

Mambo yalikuwa kinyume. Kiwanda kilijengwa ubavuni mwa makazi ya watu. Sumu ya risasi ilienea katika hewa, udongo na maji, na ikaingia katika damu ya wafanyakazi na wakazi. Sumu hii huwadhuru zaidi watoto, kwa kuwa hushambulia ubongo unaokua, na madhara yake huweza kudumu maisha yote. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa ameathiriwa, akaanzisha harakati za kutetea wakazi. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2014.

Kesi iliyofuata ilipanda na kushuka. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu kufungwa kwa kiwanda hadi uamuzi huo ilipita miaka kumi. Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati huo alikuwa amekwisha kutimiza miaka kumi.

Mfano huu unafunza mambo mawili. Kwanza, hasara ambayo haikuandikwa na mwenye kiwanda haikutoweka. Iliandikwa mwilini mwa watu, kisha ikasomwa mahakamani kwa gharama kubwa kuliko gharama ya kuizuia. Pili, kuchakata taka si maadili kwa nafsi yake. Kazi ile ile yaweza kuwa manufaa au maangamizi, kutegemea kama anayeifanya amekubali kulipia vichujio, mavazi ya kinga na umbali kutoka kwa nyumba za watu.

Gazi: mti uliosimama kama bidhaa

Kusini mwa Mombasa, yapata kilomita 50, ipo Ghuba ya Gazi. Mikoko ya pwani hii imekuwa bidhaa tangu kale. Boriti, mazio, pau na fito zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi kujengea nyumba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Ukataji wa kuni na nguzo uliendelea, na sehemu za ufuo wa Gazi zikabakia matope matupu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, wakishirikiana na wanakijiji, walianza kuipanda upya.

Mwaka 2013 juhudi hizo zilizaa mradi wa Mikoko Pamoja, unaoendeshwa na vijiji vya Gazi na Makongeni. Mradi huu ulikuwa wa kwanza duniani wa kijamii kuuza vyeti vya kaboni vinavyotokana na uhifadhi wa mikoko. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Mkoko hufyonza hewa ukaa na kuihifadhi katika mbao, mizizi na, zaidi ya yote, katika tope lililo chini yake. Kwa eneo lile lile, msitu wa mikoko huhifadhi kaboni nyingi mno kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Mti ukikatwa na tope likavurugwa, hewa hiyo hurudi angani. Mradi hutunza hekta 117, na kwa kufanya hivyo huzuia au kufyonza takriban tani 3,000 za hewa ukaa kila mwaka. Kiasi hicho huthibitishwa kwa kanuni za Plan Vivo, shirika lililoko Scotland, kisha vyeti huuzwa kwa watu na makampuni yanayotaka kufidia uchafuzi wao.

Fedha zinazopatikana si nyingi. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa zaidi kidogo ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Wanakijiji hukutana na kuamua wenyewe zitumiwe vipi, na zimetumiwa kuleta maji safi, kununua vitabu na kukarabati shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 mradi mwingine wa aina hiyo ulizinduliwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni daftari la mradi huu. Waanzilishi walijiuliza: mwanakijiji akikatazwa kukata mikoko, atapikia nini na atajengea nini? Kama jibu ni kukata mikoko ya kijiji jirani, basi hakuna kilichookolewa. Hasara imehamishwa tu. Kwa hiyo walipanda mivinje nchi kavu ili iwe kuni na miti ya kujengea. Huku ndiko kuandika hasara kabla haijatokea. Biashara ilitambua kwamba uhifadhi nao una gharama, na kwamba mlipaji wa kwanza wa gharama hiyo ni maskini anayetafuta kuni.

Mgema na sifa zake

Mafanikio ya Gazi hayapaswi kufumba macho. Methali husema: 'Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.' Katika biashara ya kaboni methali hii hupata mtihani, kwa sababu mnunuzi haioni bidhaa. Anachokinunua ni hewa ambayo haikuchafuliwa, katika msitu ambao huenda asiukanyage maishani. Cheti cha mradi mwaminifu na cha mradi wa hila hufanana kwa karatasi. Chema hakiwezi kujiuza mahali ambapo mnunuzi hawezi kukipima. Kinahitaji shahidi asiye na maslahi.

Hapo ndipo inapoingia methali ya tatu: 'Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.' Maneno kama 'rafiki wa mazingira', 'asilia' na 'endelevu' yamekuwa sifa zinazogawiwa ovyo. Kampuni hupanda miche mia moja mbele ya kamera, na mwaka unaofuata hakuna anayeuliza ni mingapi iliyosalimika. Kivumishi '-endelevu' kimetokana na kitenzi 'endelea', na kwa hiyo kinadai ushahidi wa wakati: jambo haliwezi kuitwa endelevu siku ya uzinduzi wake.

Bunge la Kenya limejaribu kuziba mwanya huu. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka miradi ya kaboni iwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika, na kwa miradi inayotegemea ardhi, jamii itengewe angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Hii ni hatua njema. Lakini asilimia 40 ya hesabu ambayo mwanakijiji hawezi kuisoma ni ahadi tupu. Mkataba ukiandikwa kwa lugha asiyoielewa, daftari limefungwa mbele ya macho yake, hata kama sahihi yake iko chini ya ukurasa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba methali za Kiswahili zinatoa kipimo cha kutosha cha maadili ya biashara. Kipimo hicho kina maswali matatu: Ni hasara zipi zilizoandikwa? Ni nani asiye na maslahi aliyezipima? Je, aliyeathirika anaweza kulisoma daftari? Kiwanda cha Owino Uhuru kilishindwa katika swali la kwanza, na wakazi wakalipa kwa afya zao. Mradi wa Gazi, kwa udogo wake, umejitahidi kuyajibu yote matatu.

Swali la tatu linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Yeye ndiye atakayetafsiri matangazo ya makampuni, ripoti za athari za mazingira na mikataba ya vijiji. Akilitumia neno 'endelevu' pasipo ushahidi, atakuwa ameshiriki kulitia tembo maji. Akiufasiri mkataba kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Makongeni anaweza kukisoma na kukihoji, atakuwa amemkabidhi mvuvi huyo gorogoro aigeuze na kuukagua kitako chake mwenyewe. Ni vyema basi vyama vya Kiswahili vyuoni viichukue tafsiri ya hati za mazingira kuwa sehemu ya kazi zao za kila mwaka, na vianze na vijiji vilivyo karibu navyo.