Gari la Nyumbani na Mbio za Magari: Nini Kinunuliwe Kwanza

Mkazi wa Same anayetamani kuanza mbio za magari kwa kawaida hana gari lililoandaliwa kiwandani kwa mashindano. Analo gari dogo la mtumba, fundi anayemwamini na akiba isiyo kubwa. Pengine gari hilohilo ndilo linaloshusha tangawizi kutoka Mamba Miamba siku za kazi. Makala haya yanahusu jinsi ya kuipanga akiba hiyo, na karatasi zinazopasa kusomwa kabla fundi hajalipwa.

Kuanza na gari la kawaida si jambo la kuonea haya. Mbio za Safari zilipoanzishwa mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei ya dukani, wala si ukubwa wa injini. Hivyo mnunuzi aliweza kuona gari la kiasi chake cha fedha linahimili vipi barabara zetu. (Kwa maoni yetu, hilo lilikuwa somo zuri kwa mlaji.) Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi, alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404, gari ambalo wasomaji wenye umri mkubwa watalikumbuka.

Wanaoanza hukimbilia kuongeza nguvu ya injini. Katika milima ya Upare, shilingi ya kwanza iende kwenye breki. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na waliomo, likishuka mteremko wa mita 500 kwenda chini, huachilia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 15 za maji. Injini ikiwa kwenye gia ndogo hupokea sehemu ya nishati hiyo. Nyingi ya inayobaki huwa joto katika diski na pedi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selisiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mirija, na pedali huzama bila gari kusimama. Kwa hiyo usikubali kupimiwa mafuta ya breki kutoka kwenye chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata kama bei ni nafuu. Nunua chupa iliyofungwa, na uyabadilishe yote kabla ya mashindano.

Baada ya breki kinafuata kizimba cha mabomba ya chuma kinachowalinda dereva na msoma ramani gari linapopinduka. Hapa ndipo mlaji hudanganywa kwa urahisi zaidi, kwa sababu bomba likishapakwa rangi hufanana na jingine. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) hutaka bomba la chuma lisilo na mshono. Kwa upinde mkuu liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2. Bomba la maji la mabati halifai. Lipime mwenyewe kabla halijachomelewa, na ulidai liandikwe kwa vipimo vyake kwenye risiti ya EFD. Kofia ya bodaboda haichukui nafasi ya kofia ya mbio za magari, ambayo kitambaa chake cha ndani hustahimili moto. Mikanda ya mashindano huwa na kibandiko cha mwaka wa mwisho wa matumizi. Mkanda wa mtumba uliong'olewa kibandiko usinunuliwe.

Sasa bima. Iwe bima ndogo au bima kubwa, soma sehemu ya mambo yasiyofidiwa: kwa kawaida mashindano na majaribio ya mwendo kasi yamo humo. Mwenye gari anayeligonga korongoni akiwa mashindanoni aweza kujikuta amepoteza gari huku mkopo wake ukiendelea kudaiwa. Uliza kampuni kwa maandishi, udai jibu la maandishi, na umuulize mwandaaji wa mbio ni bima gani inayowalinda washiriki na watazamaji siku hiyo. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Barabara ya Same kwenda Kisiwani, au ile ya kupanda Mbaga, si uwanja wa mazoezi: ina wanafunzi, mifugo na bodaboda. Mbio halali hufanyika mahali palipofungwa kwa kibali, chini ya kanuni za Chama cha Magari Tanzania (AAT). Wasiliana nacho kabla ya kuchomelea chochote, maana gari lisilokidhi kanuni zake hurudishwa kwenye ukaguzi, na ada ya fundi hairudi. Ukibadilisha injini, toa taarifa TRA ili kadi ya gari ilingane na injini iliyomo.

Kipuri ulichouziwa kikionekana kuwa bandia, usikitupe wala usikirudishe kabla ya kukipiga picha. Kihifadhi pamoja na kasha lake na risiti, kisha ulalamike Tume ya Ushindani (FCC).