Alpi kwa Gari na Watoto: Hesabu Kona, Usihesabu Kilomita

Ramani ya Alpi ni mwongo. Barabara kuu ya Dolomiti, ile ya kutoka Cortina d'Ampezzo hadi Bolzano kule Italia, ina kama kilomita 110. Dada yangu alipokuja na wanawe watatu kutoka Tanga aliitazama kwenye simu akasema, "Kaka, hii si Tanga na Korogwe tu? Saa nane tumeshafika, tunakula." Tuliondoka saa tatu asubuhi, tukaingia Bolzano saa kumi na moja jioni. Mtoto wa katikati alikuwa amebadilishwa nguo mara mbili.

Naishi München, na kila kiangazi sikosi wageni wanaotaka kuiona milima. Siku hizi naanza kwa kuwaambia jambo moja: huo mpango mliokuja nao, ukateni nusu. Alpi zimejinyoosha kama kilomita 1,200, kutoka pwani ya Ufaransa na Monaco hadi Slovenia, katika nchi nane. Hakuna familia inayozimaliza kwa likizo moja, na anayejaribu hurudi akiwa amechoka kuliko alivyotoka.

Hatua ya 1: Chagua mzunguko mmoja mdogo

Ninaoupenda mimi unaanzia na kuishia München, ni kilomita kati ya 800 na 900, usiku kumi. Zell am See, usiku mbili. Kisha unavuka barabara ya mlimani ya Grossglockner hadi Lienz, usiku mmoja. Cortina au Toblach kwenye Dolomiti, usiku tatu. Bolzano mbili. Ziwa la Reschen mmoja, Füssen mmoja, halafu nyumbani. Ujerumani, Austria na Italia zote zinatumia euro, kwa hiyo hubadilishi fedha hata mara moja.

Wengi huniuliza, na Uswisi je? Uswisi ni nzuri mno, lakini ina sarafu yake, bei zake zitakutoa jasho, na stika yake ya barabara kuu ni faranga 40 hata kama unapita siku moja, kwa sababu wanauza ya mwaka mzima tu. Iwekee safari yake.

Kanuni ya kuupanga mzunguko huu ni rahisi: siku ya kuendesha isizidi saa tatu za kwenye ramani, na isifuatwe na siku nyingine ya kuvuka milima mirefu. Saa tatu za ramani, ukiweka kusimama, kula, kupiga picha na kutafuta choo, ni siku nzima.

Hatua ya 2: Tarehe kwanza, tiketi baadaye

Barabara za juu hufungwa kwa theluji. Grossglockner kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, nyingine husubiri hadi Juni. Julai na Agosti zote ziko wazi, ila na watu wote wako huko. Waitaliano wanahamia milimani kuzunguka Agosti 15, na shule za Bavaria hufungwa kuanzia mwanzoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba. Kwa familia ya Tanzania mambo ni mepesi, maana likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni: wiki mbili za mwisho za mwezi huo ndizo bora kabisa. Majani mabichi, maua, theluji bado kidogo kando ya barabara kwa watoto kuishika, na vyumba vinapatikana.

Usisafiri Jumamosi. Nyumba nyingi za kupanga hubadilisha wapangaji siku hiyo, na foleni ya kuelekea Brenner, njia kuu ya kuvukia kutoka Austria kwenda Italia, huwa ya kukatisha tamaa. Ukidhani utakimbilia njia za vijijini, elewa kwamba jimbo la Tirol kule Austria wikendi za kiangazi huzuia magari ya wapita njia kutoka kwenye barabara kuu. Simu itakuonyesha njia ya mkato, polisi watakurudisha.

Hatua ya 3: Makaratasi

Anayetoka nyumbani Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, walio chini ya hapo hawalipi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Hapa watu wengi huteleza: viza huombwa kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, wala siyo lazima iwe ile unayotua. Hesabu mzunguko wetu. Cortina, Bolzano na Reschen zote ziko Italia, jumla usiku sita kati ya kumi. Basi hata kama ndege inatua München, ombi lako ni la Italia. Na ndugu zetu mnaoishi Uingereza kwa pasi za Afrika Mashariki, kibali cha ukaazi cha Uingereza hakikuingizi Schengen. Nanyi mtapanga foleni.

Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwenzake. Leseni ya kimataifa ichukuliwe nyumbani kabla ya kuondoka, na ile ya kawaida isiachwe, kwa sababu moja bila nyingine haikufikishi mbali.

Hatua ya 4: Gari

Kwa familia ya watu watano, usikodi gari la viti vitano la kawaida. Watu wataenea, masanduku hayataenea. Chukua lenye buti kubwa, na liwe otomatiki, hasa kama umezoea kushika gia kwa mkono wa kushoto. Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha upande wa kushoto, huku ni kulia. Wenzetu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu wanatuzidi kete hapa. Hatari yenyewe haiko kwenye barabara kuu yenye magari, kwa kuwa utafuata wenzako. Iko asubuhi, unapotoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu. Bandika karatasi mbele ya usukani: KULIA.

Kampuni za kukodisha hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Shemeji yangu alilipa kila kitu kwa kadi yake akiwa Tanga, dada akasimama kaunta na risiti mkononi, wakamkatalia funguo. Tulipoteza nusu siku na ikabidi niwe dereva mimi. Sema mapema pia kwamba unavuka mipaka, na utaje nchi kwa majina.

Viti vya watoto ni sheria, na kila nchi ina kipimo chake. Ujerumani ni hadi miaka 12 au sentimita 150, Austria miaka 14 au sentimita 135, Italia sentimita 150. Fuata kipimo cha 150 utakuwa salama kote. Kabla hujatoka uwanjani, fungua buti uhakikishe kuna pembetatu, sanduku la huduma ya kwanza na vizibao vya kung'aa, na upige picha kila mkwaruzo.

Hatua ya 5: Malazi

Nyumba za wakulima, usiulize mara mbili. Austria na Italia ya kaskazini wakulima wengi hukodisha vyumba vyenye jiko, na watoto wanaona ng'ombe wakikamuliwa. Uliza mambo matatu unapoweka nafasi: kuna mashine ya kufulia? Ushuru wa wageni wa kila usiku umo kwenye bei au unalipwa papo hapo? Na je, wanatoa kadi ya wageni? Hiyo kadi ni mali. Kule South Tyrol, jimbo lenye Bolzano na Toblach, inakupandisha mabasi na treni za jimbo bure, na gari linapumzika.

Hatua ya 6: Stika na tozo

Ujerumani barabara kuu ni bure kwa magari madogo. Austria unahitaji stika, Vignette, ambayo sasa inanunuliwa mtandaoni kwa namba ya gari. Ya siku kumi ni kama euro 12 na ushee. Inunue kwenye tovuti ya shirika lenyewe la barabara, ASFINAG, maana kuna madalali wanaoongeza bei. Stika hiyo haigusi Grossglockner, ambayo ina lango lake na tozo yake ya zaidi ya euro 40 kwa gari. Italia unalipa getini kwenye barabara kuu, lakini mzunguko wetu unazikwepa karibu zote.

Cha kuogopa Italia ni herufi tatu: ZTL. Ni maeneo ya katikati ya miji ambayo gari la mgeni haliruhusiwi, na mlinzi wake ni kamera. Bolzano, egesha nje ya mji wa kale, uingie kwa miguu kumwangalia Ötzi, yule mtu aliyekutwa ndani ya barafu mwaka 1991, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Watoto walisimama kimya mbele ya dirisha lake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu uwanja wa ndege.

Hatua ya 7: Siku ya kuvuka mlima

Barabara ya Grossglockner ilifunguliwa mwaka 1935. Ina kilomita 48 na kona 36 za kujikunja, kila moja na kibao chenye namba na kimo. Wape watoto kazi ya kuzisoma kwa sauti, hiyo ni nusu ya dawa ya kichefuchefu, kwa sababu macho yanabaki mbele. Nusu ya pili ni tumbo. Asubuhi hiyo chai ya rangi na mkate mkavu vinatosha. Sisi tulikula chapati na mayai, tukashushia juisi ya tufaha. Kona ya kumi na moja mpwa wangu akauliza, "Mjomba, bado ngapi?" Sijamjibu, chapati ikarudi. Mifuko ya plastiki ikae mfuko wa nyuma ya kiti, siyo kwenye buti. Simu zizimwe. Dawa ya kichefuchefu uliza duka la dawa kwa umri wa mtoto.

Ondoka mapema, saa moja asubuhi, kwa kuwa radi za kiangazi hupiga alasiri. Masweta yawe ndani ya gari: Zell inaweza kuwa na nyuzi 28, na pale Hochtor, mita 2,504, mnashuka mkitetemeka. (Mtu wa Moshi asitishwe na kimo hicho, hata vibanda vya Mandara viko juu zaidi.) Baada ya hapo, chepukia Kaiser-Franz-Josefs-Höhe. Mnaona barafu ya Pasterze, iliyo ndefu kuliko zote Austria na inayorudi nyuma mwaka hadi mwaka, na kandokando ya ukuta wanatokeza wanyama wanono wanaofanana na pimbi. Tenga saa moja nzima kwa ajili yao, maana watoto hawatatoka.

Kushuka ndiko kunakohitaji dereva. Aliyeshuka mteremko wa Kitonga anajua: gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Kwa otomatiki, weka mkono kwenye gia za kuchagua mwenyewe, namba 2 au 3, injini ilishikilie gari. Ukisikia harufu ya breki zinazoungua, ingia kwenye maegesho ya kando usubiri zipoe. Kukiwa na ukungu au mvua kubwa, usikaze roho: kuna handaki la Felbertauern, kilomita 5.3, linalokutoa Mittersill hadi upande wa Lienz. Lina tozo yake pia, lakini halina kona 36.

Hatua ya 8: Chakula

Austria na Ujerumani maduka hufungwa Jumapili. Nunua Jumamosi. Mikahawa mingi ya vijijini hufunga jiko kuanzia saa nane mchana hadi karibu saa kumi na mbili jioni, na tabasamu lako halitalifungua. Kwa Waislamu, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, Speck, imejificha kila mahali, hata ndani ya yale madonge ya mkate yaitwayo Knödel. Agiza ya mchicha au ya jibini, na uulize kama imetiwa Speck. Kaiserschmarrn, chapati nene za maji zilizokatwakatwa, watoto watazipenda, ila zabibu zake huweza kuwa zimelowekwa kwenye ramu. Miji mikubwa ina maduka ya Waturuki yenye nyama halali, jaza kisanduku cha barafu kabla ya kupanda.

Maji usinunue. Kila kijiji kina bomba linalotiririka kwenye hodhi la mawe. Palipoandikwa *Trinkwasser* jaza chupa. Palipoandikwa *Kein Trinkwasser* nawa uso tu.

Hatua ya 9: Kurudisha gari

Jaza tangi kwenye kituo cha mwisho kabla ya uwanja wa ndege, piga picha geji na pande zote nne, omba risiti. Weka akiba kidogo kwenye ile kadi baada ya safari, kwa sababu faini za kamera hutumwa kwa kampuni ya gari, nayo huongeza ada ya kutafuta jina lako. Ya kwetu ilifika Novemba: tulikuwa tumezidisha kilomita tisa kwa saa, kijiji kimoja karibu na Lienz, tukiwahi choo.